Sigara Ambazo Sikuvuta

Kaka yangu Hayo alitumbukiza kijiko kwenye kikombe chake baada ya chai ya kwanza tu, nikajua hapo hapo kwamba kuna jambo. Kwetu Friesland Mashariki, pwani ya Ujerumani, mgeni hunywa vikombe vitatu. Kijiko kikiingia kikombeni maana yake basi, usinimiminie tena, na mtu anayekiingiza mapema ama anaumwa ama amekuja kukuumiza. Hayo alikuwa mzima wa afya, amenyoa ndevu, amevaa koti jipya.

"Inatosha, shangazi," alisema. "Leo nimekuja kuzungumza."

Shangazi Foelke alikuwa ameshainua birika. Akalirudisha taratibu juu ya kimeko chake cha mshumaa, midomo ameibana. Ni dada wa marehemu baba yetu, amevuka themanini, hakuolewa, na nyumba ile ya matofali mekundu chini ya tuta la bahari, kijijini Hamswarf, ndiyo nyumba pekee aliyowahi kuishi duniani. Baba alipofariki aliiacha kwa majina mawili, la Hayo na langu. Shangazi aliachiwa neno tu, kwamba atakaa humo mpaka mwisho wake, na neno la marehemu halina mhuri.

"Kuna kampuni ya Hamburg inataka nyumba," Hayo akaendelea. "Wataikata vyumba vya watalii. Pesa wanazo mkononi. Ijumaa asubuhi tunasaini kwa wakili wa hati, Emden."

"Tunasaini akina nani?" nikauliza.

"Mimi na wao. Na wewe ukiwa na akili. Usipotaka, nawauzia nusu yangu, halafu wao wenyewe watakwenda mahakamani kuomba mnada. Unawajua watu wa Hamburg."

"Na shangazi?"

"Nimemtafutia nyumba ya wazee Aurich. Nzuri sana. Ina lifti."

"Lifti ya kunipeleka wapi?" shangazi akauliza.

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mimi naitwa Tomma Harms, nafundisha watoto kupiga zeze, na watoto wakishakukwaruzia zeze miaka ishirini na mitano unajifunza kutabasamu huku umeuma meno. Nikatabasamu.

"Nusu yako nainunua mimi," nikasema. "Kwa bei ya Hamburg."

Hayo akacheka mpaka akakohoa. "Laki moja na sitini, mdogo wangu. Euro, siyo vifungo vya koti. Utazitoa wapi?"

"Nina sarafu zangu za mtandaoni."

"Ahaa! Zile sigara!"

Ndiyo, zile sigara. Nilikuwa navuta pakiti nzima kwa siku. Nilipoacha, miaka kumi iliyopita, mwili ulikuwa unadai haki yake kila jioni, nikaamua kuudanganya: kila mwisho wa mwezi pesa yote ya sigara ambayo sikuitumia nainunulia vipande vya bitkoini. Sikununua kwa ujanja wowote. Nilichagua kitu kilichoonekana cha kipuuzi kama moshi, ili nisione nimepoteza kitu cha maana. Nilinunua hivyo kwa miaka miwili, mpaka bei ilipokimbia na hamu ya sigara ikawa imeisha. Vipande vilikuwa vimefika sarafu tatu kamili.

Kila kipande nilikiandika. Nina programu ya hesabu za nyumbani kwenye kompyuta, na humo mnaingia kila kitu: mkate, samaki wa kukaushwa kwa moshi, nyuzi za zeze, daktari wa paka. Sarafu zina akaunti yao, inaitwa Sigara. Kila kipande kina tarehe yake na bei yake ya siku hiyo. Familia nzima imenicheka kwa programu hiyo. Sikukuu hazipiti bila Hayo kuuliza kama nimeshaandika chumvi niliyoongeza kwenye supu. Yeye mwenyewe aliwahi kununua sarafu wakati kila kinyozi alikuwa anazisifia, akauza kwa kihoro, akanunua tena, akauza tena, na alipoulizwa na watu wa kodi alisema hesabu anazo kichwani. Walimkata kwa makadirio yao. Tangu siku hiyo anachukia sarafu, watu wa kodi, na kwa sababu nisiyoijua, mimi.

"Sawa," alisema akiinuka. "Ijumaa uje na barua ya benki kwamba pesa ipo na haina kizuizi. Ukija nayo, nusu ni yako, neno langu hilo, shangazi shahidi. Usipokuja nayo, nasaini na Hamburg, na sitaki machozi mlangoni kwa wakili."

"Huwezi kuniona nikilia, hata kwa kiingilio," nikamwambia.

Alipoondoka, shangazi alikunja kitambaa cha meza kikiwa bado na makombo ndani. Halafu akafungua kabati na kuanza kufunga vikombe vyake vya maua kwa magazeti, kimoja kimoja. Nilimwambia aache. Akaniambia ni afadhali avifunge mwenyewe kuliko kufungiwa na mtu wa lori.

Jumatatu niliuza sarafu mbili. Zilikuwa zimekaa kwenye soko la mtandaoni tangu Novemba, nilipozihamishia huko kutoka kwenye kifaa changu kidogo cha kuhifadhia sarafu, kinachotosha kwenye kiganja, kilichokuwa kikilala kwenye kasha la zeze. Pesa iliingia benki Jumanne, na ilikuwa nyingi hata Enno, mume wangu, ambaye ni mlinzi wa mitambo ya kusukuma maji na hashangazwi na chochote isipokuwa gharika, alivua miwani akaifuta.

Jumatano benki wakapiga simu. Pesa wameizuia.

Bwana Onken, afisa wa benki, ni kijana mpole mwenye harufu ya peremende. Alinikaribisha, akafunga mlango, na hiyo ya kufunga mlango haikunipendeza.

"Bi Harms, sheria inanitaka nijue pesa kubwa hivi imetoka wapi," alisema. "Ripoti ya soko lako inasema sarafu ziliingia Novemba. Kabla ya hapo hakuna kitu. Hazina bei ya kununulia wala historia yoyote."

"Historia ninayo mimi. Tangu kipande cha kwanza."

"Kutoka kwa soko ulikonunulia?"

"Lile lilishafungwa zamani. Lakini ninayo yote kwenye programu yangu."

Nikafungua kompyuta kwa madaha, nageuza kioo kimwelekee, kama mama anayetoa picha za mwanawe. Nikabofya akaunti. Bwana Onken akainama kusoma, nyusi zikapanda.

"Sigara?" akauliza. "Bi Harms, unafanya biashara ya sigara?"

"Sifanyi. Ndizo nilizoacha kuvuta."

"Zenye thamani ya robo milioni?"

Hilo nilikuwa tayari kulieleza. Ambalo sikuwa tayari nalo lilikuwa mstari wa chini yake. Programu yangu mwenyewe, niliyoilisha kila mkate kwa miaka yote hiyo, ilisema kwamba Novemba nilitoa sarafu tatu zote, zikaenda, akaunti ikabaki tupu. Na siku hiyohiyo nilipokea sarafu mpya, zisizojulikana zimetoka kwa nani, zenye umri wa miezi mitatu.

Bwana Onken aliona rangi yangu inavyobadilika. Akanisogezea maji.

"Unajua maana yake kikodi," alisema kwa sauti ya chini. Nilijua, na kila mwenye sarafu nchini kwetu anajua. Ukikaa na sarafu yako zaidi ya mwaka, ukaiuza, faida ni yako yote. Ukiiuza kabla ya mwaka, serikali inakula na wewe mezani. Kwa sarafu zangu zilizojifanya vichanga, serikali ingekula karibu nusu, na ambacho ningebakiza kisingefika bei ya nusu ya nyumba. Hiyo ni kama benki ingekubali kuachia pesa, na bila kujua asili yake isingeachia.

"Niletee kitu kinachounganisha," alisema Bwana Onken. "Zilizotoka na zilizoingia. Nionyeshe kwamba ni zilezile. Sikatai kwa kupenda, Bi Harms."

Nilirudi nyumbani nikipigana na upepo wa tuta, nimekasirika kiasi kwamba nilimfokea kondoo aliyenizibia njia. Nilikuwa naona jikoni kwa shangazi bila vikombe. Niliogopa, nalisema waziwazi. Niliogopa kwamba miaka yote ile nilikuwa nacheza duka la kitoto kwenye kompyuta, na kwamba kicheko cha Hayo kilikuwa cha haki.

Alhamisi asubuhi nilikaa mezani na kompyuta, Enno kando yangu anamenya yai.

"Nieleze polepole," alisema. "Kama unanieleza mimi."

"Nakueleza wewe."

"Basi polepole zaidi."

Nikamweleza. Kuhamisha sarafu zako kutoka pochi moja kwenda nyingine siyo kuuza, ni sawa na kutoa pesa mfuko wa suruali ukaitia mfuko wa koti. Programu inatakiwa itambue: zimetoka hapa, zimeingia pale, kiasi ni kile kile, basi ni safari ya ndani, na umri wa sarafu unaendelea. Kama kiasi hakilingani, inaona mambo mawili yasiyohusiana. Zilizotoka zimeuzwa na zilizoingia ni mpya.

"Na kiasi hakilingani?"

"Zimetoka tatu kamili. Zimeingia tatu kasoro chembe."

"Chembe imeenda wapi?"

"Nauli. Mtandao unakata nauli ya kusafirisha. Lakini programu inaijua nauli! Ukiiandika pale pale kwenye safari, inaitoa yenyewe na hesabu inalingana. Sasa nauli haipo. Nimeitafuta tangu jana. Mahali pake pako wazi."

Enno alitia chumvi kwenye yai, akainama kwenye kioo, akapitisha kidole chenye mafuta juu ya mwezi wa Novemba wote, jambo ambalo siku nyingine lingemletea matatizo.

"Novemba ulimwandikia nani barua nyingi hivyo?" akauliza.

"Barua gani?"

"Hapa. Posta, euro kumi na nane. Kadi za sikukuu huwa tunatuma Desemba, na hatuna marafiki wa kumaliza stempu za kumi na nane."

Nilitazama. Kisha nikapiga ukelele uliomtoa paka chini ya kabati.

Ni mimi! Ni mkono wangu mwenyewe! Nilikumbuka hata siku ile. Nilikuwa nimeliingiza faili la kifaa kwenye programu, nikaona nauli imekaa ndani ya mstari wa sarafu, ikanikera. Kwangu gharama haichanganywi na akiba. Kupeleka kitu kutoka mahali hadi mahali ni posta, na posta ina akaunti yake. Kwa hiyo niliifuta nauli pale ilipokuwa, nikaigeuza kuwa euro, nikaiandika Posta pamoja na stempu, nikajipongeza kwa unadhifu na kwenda kulala. Mtu mvivu angeiacha ilivyo na yasingemkuta. Kosa lile lilihitaji mtu makini kama mimi.

"Sasa unalia au unacheka?" Enno akauliza.

"Nyamaza, usinitikise mkono."

Nikaifuta posta ile. Nikairudisha nauli mahali pake, chembe kwa chembe kama ilivyokuwa kwenye faili la kifaa. Nikabofya. Programu ikafikiri. Kompyuta yangu ni nzee, ikifikiri inakoroma, na sisi wawili tulisimama juu yake bila kupumua, yai linapoa. Kisha ile mistari miwili ya Novemba ikasogeleana ikawa mmoja, na pembeni mwa kila kipande umri ukaanza kubadilika kutoka juu kwenda chini. Miezi mitatu ikawa miaka tisa. Miezi mitatu ikawa miaka minane. Mwezi baada ya mwezi, pakiti baada ya pakiti, sigara zangu zote zikarudi zimejipanga, na chini kabisa, kwenye mstari wa kodi, ikasimama sifuri.

Nilimbusu Enno juu ya kipara. Nilimbusu na paka.

Kabla ya saa sita nilikuwa mezani kwa Bwana Onken na karatasi nilizozichapa: kila ununuzi wa sigara upande mmoja, na upande wa pili taarifa za benki yake mwenyewe zikionyesha pesa ileile ikitoka kwenye mshahara wangu siku ileile. Kisha safari ya kwenda kwenye kifaa, kisha safari ya Novemba na nauli yake. Alifuata kwa kalamu mstari kwa mstari. Akabadilisha peremende mdomoni.

"Hapa kuna mwezi umenunua kidogo," alisema. "Machi, mwaka wa kwanza."

"Machi ile nilianguka. Nilivuta wiki mbili. Nusu ya pesa iliteketea."

"Na hilo umeliandika?"

"Limo. Akaunti ya Upuuzi."

Bwana Onken akaweka kalamu chini. Nilimwona anajitahidi kubaki afisa wa benki. "Mimi nina wiki ya nne," alisema. "Ndiyo maana ya hizi peremende. Bi Harms, hiyo programu inaitwaje?"

Nilimwandikia jina. Yeye akaniandikia barua.

Ijumaa Hayo alikuja kwa wakili na bwana wa Hamburg, mrefu, viatu vyembamba visivyojua matope. Wakanikuta nimekaa. Hayo alinitazama usoni kutafuta machozi.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Tusimcheleweshe mgeni. Barua?"

Niliiweka mezani. Wakili, mama mmoja mwenye sauti kavu, aliisoma kwa sauti mpaka kwenye mhuri. Pesa ipo, asili imethibitishwa, haina kizuizi. Bwana wa Hamburg akaangalia saa yake, akanipa mkono kwa adabu, akachukua koti. Hayo alibaki amesimama.

"Na kodi?" akasema. "Watakukata mpaka mifupa. Mimi walinikata!"

"Sifuri."

"Haiwezekani."

"Wewe zako zilikuwa kichwani, kaka. Zangu zilikuwa kwenye akaunti ya Sigara, chini ya mkate, juu ya supu. Na chumvi pia niliandika."

Wakili alikohoa ndani ya kiganja. Hayo akavuta kiti, akakaa, akasaini. Nasema ukweli, neno lake alilitimiza. Mimi nilisaini baada yake.

Niliendesha gari kutoka Emden mpaka Hamswarf nikiimba kwa sauti madirisha yakiwa wazi, ingawa ilikuwa Februari, katikati ya baridi. Shangazi Foelke alikuwa jikoni amekaa katikati ya maboksi, koti amevaa, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri basi asilolitaka.

"Ni lini wanakuja?" akauliza.

"Hawaji. Nyumba ni yangu, shangazi. Yote. Hukai kwa neno tena. Wiki ijayo tunarudi kwa wakili tukaandike jina lako, ukae humu mpaka utakapochoka wewe."

Shangazi aliinuka. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wake. Akafungua boksi la juu, akatoa kikombe, akakunjua gazeti, akapuliza vumbi. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi dogo la mkono. Vikombe hivyo havishikwi na mtu mwingine.

Jumapili Hayo alikuja kwa chai. Sikumwalika na sikumtarajia, lakini alikuja, na keki. Alikaa mahali pake pa siku zote. Shangazi alimtilia bonge la sukari, akamimina chai juu yake, sukari ikapasuka kwa ule mlio wake mdogo, akadondosha malai ukingoni. Tukanywa kikombe cha kwanza. Hayo alipomaliza alitazama dirishani, akatazama saa, akachukua kijiko na kukiingiza kikombeni.

Shangazi Foelke alikitoa kwa vidole vyake. Akakipangusa kwenye aproni, akakilaza juu ya kisahani, akainua birika.

"Shangazi, nina safari ndefu," Hayo akasema.

"Kwa Tomma watu wanakunywa vitatu," alisema shangazi, huku akimimina.